Maji ya Saa Ngapi

Mjomba mmoja nahodha, ambaye hunipitishia changu na tasi akirudi baharini, alisimama barazani kwangu na ndoo yake mkononi, akazitazama picha mbili nilizokuwa nimeziegemeza ukutani zipate hewa. Zote ni za mdomo wa Mto Pangani, ukisimama upande wa mjini na kuitazama Bweni ng'ambo. Moja ndogo, ya rangi za maji, niliimaliza palepale, nimekaa chini ya mkungu karibu na pantoni. Nyingine ni ya rangi za mafuta, upana wake unakaribia mita moja, na niliihangaikia wiki nyingi, nusu mtoni, nusu chumbani.

Ile ndogo aliitazama, akaguna kwa kuridhika, akapita. Kwenye ile kubwa akaweka ndoo chini.

"Mwanangu, haya maji yanapwa au yanajaa?"

"Yanapwa, mjomba. Omo si hilo linatazama bara?"

Mashua iliyotiwa nanga mtoni hugeuka, omo lake, yaani sehemu ya mbele, likayakabili maji yanakotoka. Hilo hata mimi nisiyewahi kushika usukani nalijua, na nililichora kwa makusudi.

"Omo nimeliona. Sasa mbona ukingo mkavu?"

Akanionyesha kwa kidole bila kuigusa rangi. Maji yakiwa yanapwa, tope lililoachwa sasa hivi huwa limelowa: jeusi, linang'aa, ukanda mzima juu ya mstari wa maji. Ukingo wangu ulikuwa umepauka, umepasukapasuka kwa jua, na maji yameugusa hivyohivyo. Huo ni ukingo wa maji yanayojaa, yanapopanda juu ya tope lililokaushwa na jua kwa saa kadhaa.

"Huku yanapwa, huku yanajaa. Maji ya saa ngapi haya?"

Nikamlipa samaki wake, akaenda zake. Swali akaniachia.

## Si suala la tope

Tope lenyewe ni kazi ndogo. Kahawia iliyoiva kidogo, tone la mafuta, kitambaa, na ukingo ungekuwa umelowa kabla samaki hawajaparwa magamba.

Kilichonikaa kichwani ni ile ndogo. Kwa nini kule hakukuta la kuuliza?

Alipoondoka niliisogeza dirishani nikaichunguza. Omo linatazama bara. Na chini ya mikoko, juu ya mstari wa maji, upo ukanda mweusi uliolowa, mpana wa kidole. Nimeuchora mimi, kwa mkono wangu, na sikuwa najua maana yake. Sikuwa nikiwaza maji kupwa wala kujaa. Niliona weusi pale, nikaweka weusi.

Kwa hiyo picha iliyochorwa kwa haraka, na mtu asiyeijua bahari, imepita mtihani wa nahodha. Nyingine, ya mtu yuleyule, yenye muda mwingi zaidi, rangi ghali zaidi na mawazo mengi zaidi, imekwama kwenye swali la kwanza.

Jibu lililonijia upesi ni lile tunalopenda kupeana wachoraji wa mandhari: kazi ya nje ni ya kweli, kazi ya chumbani ni ya kubuni. Linapendeza, na linakupa sababu ya kupiga picha umesimama ufukweni na stendi yako na kofia ya ukili. Nililikubali kama siku mbili hivi.

Halafu nikakumbuka kwamba lile omo nililichora palepale mtoni. Na ule ukingo mkavu niliuchora palepale mtoni pia. Vitu vyote viwili alivyovihoji mjomba nilivichora nikiwa navitazama kwa macho. Chumbani nilifanya mawingu na vivuli vya paa, ambavyo hakuvigusa.

Ikabidi nianze upya kufikiri.

## Karatasi haikungoji

Anayechora kwa rangi za maji pwani huanza kwa kuuliza hewa ikoje. Rangi hii hukauka kwa maji kuondoka, basi, hakuna siri nyingine. Dodoma wakati wa kiangazi unaweka rangi ya anga, unageuka kuchovya brashi, ukirudi ukingo umeshakauka na mstari umejichora wenyewe, hautoki. Pangani, siku zile masika inakaribia, unaweka anga hiyohiyo na inabaki mbichi mpaka unachoka kuisubiri. Wingu unaloliweka ndani yake linatambaa linakotaka. Ukiwa mkali linageuka uji. Ukiwa mpole, ndilo wingu lenyewe la masika, halina mpaka, halijulikani linaanzia wapi.

Maana yake ni kwamba hewa ya siku ile imo kwenye karatasi, iwe umeitaka au hukuitaka.

Halafu kuna weupe. Majengo ya kale ya Pangani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, jua la asubuhi likiyapiga yanaumiza macho. Kwenye rangi za maji weupe huo hauupaki. Ni karatasi yenyewe. Unachora anga nyuma ya ukuta, kivuli chini ya paa, giza la mlango, na ukuta unabaki umesimama katikati ya vitu ulivyovichora bila wewe kuugusa. Uamuzi wa mwanga mkali utakaa wapi unafanywa kabla brashi haijalowa. Ukishapaka juu yake, umekwenda. Unaweza kukwangua kwa wembe, unaweza kunyonya kwa brashi yenye unyevu, na rangi nyingine hukubali kutoka. Bluu ya ultramarini huachia kiasi, lakini bluu ya thalo ikishauma karatasi imeuma. Nyeupe ya kopo iwekwe mwishoni? Ipo, na wapo wanaoiweza. Kwangu mimi huonekana kama bandeji.

Hata lile tope. Nilichanganya ultramarini na siena iliyochomwa. Rangi hizi zina chembe nzito. Maji yakiwa bado yako juu ya karatasi chembe huelea, maji yakiondoka hushuka na kujikusanya kwenye vishimo vya karatasi, kama tope la mtoni linavyotua maji yakipwa. Ule ukanda ulitokea mweusi na wenye punje bila mimi kuupa sura hiyo.

Sitaki kuifanya rangi ya maji kuwa mtakatifu. Nimetupa karatasi nyingi kuliko nilizobakiza, na karatasi nzuri ya pamba inaagizwa nje kwa bei inayotia kizunguzungu. Ukiiweka vibaya pwani, ile gundi iliyomo ndani yake huharibika kwa joto na unyevu. Siku unaipaka, rangi inazama kwa madoa kana kwamba unapaka kwenye karatasi ya kukaushia wino. Mimi zangu naziweka kwenye boksi la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Watoto wa jirani wanajua: ukinunuliwa kiatu, kipakiti ni cha shangazi.

Nilichotaka kusema ni kimoja. Picha ile ndogo ina saa moja tu ndani yake kwa sababu hapakuwa na nafasi ya saa ya pili. Uaminifu wake hautokani na mimi.

## Mashahidi wasiopatana

Rangi ya mafuta haikauki kwa kitu kuondoka. Inakauka kwa kuvuta oksijeni. Mafuta ya kitani yanashikana taratibu mpaka yanakuwa ngozi. Kahawia za udongo hushika upesi kiasi, nyeupe ya titani inakuweka. Siku ya kwanza, ya pili, wakati mwingine ya tano, bado unaweza kukwangua, kufuta kwa kitambaa, kusogeza nyumba, kurudisha nyumba. Mwanga, ambao kwenye karatasi ulikuwa uamuzi wa kwanza, hapa unakuja mwisho: unaanza na giza jembamba lenye tapentaini nyingi, unapanda, na nyeupe nene ya ukuta unaiweka siku ya mwisho mchana, ukiwa umeshajua kila kitu kingine kiko wapi.

Hilo hubadilisha macho. Nikiwa na karatasi natafuta mahali pa kuacha. Nikiwa na kanvasi natafuta giza: chini ya mikoko, chini ya tumbo la pantoni, ndani ya mlango wa ghala.

Na nikiwa na kanvasi narudi. Hapo ndipo penye mambo.

Maji husogea kama dakika 50 kila siku. Leo yakipwa kabisa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tano kasoro dakika kumi, keshokutwa mbele zaidi, na kwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani hii hupita mita 3. Ukitaka maji yaleyale chini ya jua lilelile, unangoja karibu wiki mbili. Nani anangoja wiki mbili na paleti mkononi? Unarudi kesho. Siku ile mashua ilikuwa imekaa vizuri, omo bara, nikaichukua. Siku nyingine mwanga ulianguka kwenye tope kavu ukawa wa dhahabu, nikauchukua. Kila kipande cha picha ile kina shahidi wake aliyekuwepo na aliyeona. Ni mashahidi tu hawapatani.

Wala si kwamba mafuta lazima yachukue wiki. Constable, Mwingereza, alikuwa akichora mawingu kule Hampstead mwaka 1821 na 1822 kwa rangi za mafuta juu ya karatasi, upesi upesi, kisha nyuma ya karatasi anaandika tarehe, saa na upepo unavumia wapi. Na enzi hizo tyubu za bati hazijabuniwa, zilikuja mwaka 1841. Mtu alikuwa akibeba rangi kwenye kibofu cha mnyama. Kwa hiyo mafuta yanaweza kushika saa moja ukiyalazimisha. Lakini Constable huyohuyo, alipofika kwenye picha zake kubwa za Suffolk, alizifanyia London, chumbani, kwa kuokota huku na kule kutoka kwenye vile vidogo. Mtu aliyeandika saa na upepo nyuma ya wingu hakuona shida kujenga mchana ambao haukuwahi kutokea.

Jambo hilo lilinisumbua kuliko swali la mjomba.

## Ukuta wenye vigae vya chupa

Mchoraji ninayemrudia katika mambo haya ni Winslow Homer wa Marekani, aliyezaliwa Boston mwaka 1836. Alianza rangi za maji kwa dhati mwaka 1873 na aliziuza kama kazi kamili, hakuziita mazoezi ya kitu kingine. Msimu wa baridi wa 1884 kuingia 1885 alikwenda Bahamas, akarudi tena mwishoni mwa 1898.

Ipo picha yake ya 1898 ya ukuta mmoja wa Nassau. Ukuta wa mawe ya matumbawe, juu yake vigae vya chupa vimepachikwa kuzuia wezi, maua mekundu nyuma, na kipande kidogo cha bahari. Basi. Mtu wa Tanga, Lamu au Mikindani akiiona atadhani anaujua mtaa. Ule ukuta kwa sehemu kubwa ni karatasi tupu na rangi nyembamba iliyopita juu yake mara moja. Homer alikuwa na mistari ya penseli chini, ananyonya rangi, anakwangua kwa kisu, hana haya. Lakini jua la Nassau liko pale kwa sababu aliliachia nafasi.

Sasa mchukue mtu huyohuyo na rangi za mafuta. Mwaka 1899, akiwa nyumbani kwake Prouts Neck, kwenye pwani ya baridi ya Maine, alichora The Gulf Stream. Mwanamume mweusi peke yake amelala kwenye mashua iliyovunjika mlingoti. Papa wamemzunguka. Mabua ya miwa yametapakaa sitahani. Kulia, mbali, nguzo ya maji imesimama kati ya bahari na wingu. Kushoto, mbali zaidi, kuna meli. Mbegu ya picha hiyo ni rangi za maji alizochora tangu safari ile ya kwanza, miaka mingi nyuma. Aliionyesha mwaka 1900, akaendelea kuibadilisha baada ya hapo, na mwaka 1906 jumba la Metropolitan la New York likainunua. Walipomtaka aieleze, alijibu kwa barua ya kejeli kwamba anajuta kuchora picha inayohitaji maelezo.

Nimejiuliza mjomba angesema nini mbele yake. Angeanza na papa, naamini. Kisha mawimbi, kisha jinsi chombo kisicho na tanga kinavyokaa kwenye mawimbi ya namna hiyo. Angepata maswali ya kutwa nzima. Hakuna mchana mmoja uliokusanya papa, nguzo ya maji, meli na utulivu wa yule mtu.

Na bado ile picha haidanganyi. Nilikaa na neno "bado" hilo kwa muda.

Nilichokiona baadaye ni mahali yule mtu anapotazama. Meli iko kushoto. Yeye ametazama kulia. Hatazami papa, hatazami wokovu. Kila kitu ambacho Homer amekikusanya kutoka siku tofauti kinasukuma kuelekea kwenye shingo hiyo iliyogeuka. Ukiitoa meli, kugeuka kwake hakuna maana. Ukiitoa nguzo ya maji, hana cha kutazama. Mashahidi wake nao hawapatani kwa saa, ila wote wameitwa kwenye kesi moja.

Yangu je? Mashua ilikuwemo kwa sababu ilipendeza. Ukingo mkavu ulikuwemo kwa sababu ulipendeza. Hakuna kilichokuwa kinamtumikia mwenzake.

## Au tunawasamehe tu wakubwa?

Hapa nilisita, na sijamaliza kusita. Ni rahisi sana kukuta jambo kwenye kazi ya aliyekufa na jina lake ukasema "alikusudia", ukalikuta hilohilo kwenye kazi ya mwenzako wa Tanga ukasema "hakuangalia". Nikiichora mimi The Gulf Stream, ningeambiwa nimeweka vitu vingi.

Kilichonitoa kidogo kwenye mkwamo huo ni Sam Ntiro. Mzaliwa wa Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, ambaye hakuwafungia wanafunzi wake kwenye kunakili sanamu za plasta za Ulaya. Alikuwa akiwasimulia mandhari kwa maneno, nao wakachora wanachokiona kichwani. Ntiro baadaye akafundisha hapohapo, akaenda kusoma London, na baada ya uhuru akawa mwakilishi wa Tanganyika huko London. Katika yote hayo aliendelea kuchora Uchagga kwa rangi za mafuta: migomba, kahawa, watu wengi wadogo wanafanya kazi kwa pamoja. Picha yake ya 1956, ya wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, iko kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa la New York.

Hakuna anayeuliza mwezi ulikuwa wapi usiku huo. Ntiro hakukaa kwenye kijiti na paleti akawasubiri wapite. Ni usiku wa mbege zote alizowahi kuziona na kusimuliwa. Na kwa kazi ya namna hiyo rangi inayokubali kurudiwa ndiyo inayofaa, kwa sababu kukumbuka ndiko kurudia kwenyewe.

Baada ya Ntiro niliacha kuiona picha kubwa kuwa ni ndogo iliyonenepeshwa. Nilikuwa nikichukua kitu cha saa moja na kukitia kwenye chombo cha wiki nyingi, kisha nategemea kitabaki cha saa moja.

## Mnunuzi alitaka mashua

Soko halijali haya. Hoteli moja, siitaji, ilikuwa imeonyesha nia ya kuichukua ile kubwa kwa ajili ya ukumbi wake. Ndogo waliiita "rasimu", wakauliza kama naweza kuiongeza bure. Kwetu picha hupimwa kwa futi, kama kitambaa.

Kwa haki, wana hoja upande mmoja. Rangi za maji pwani ni mzigo. Zinataka kioo, na kioo kisiguse karatasi, la sivyo masika ya kwanza ukungu unaanza kwenye kona. Zinataka kivuli. Waingereza wawili, Russell na Abney, walitoa ripoti mwaka 1888 iliyoonyesha wazi kuwa rangi nyingi za maji huliwa na mwanga. Homer mwenyewe hakupona: picha yake ya 1887 ya kijana wa shambani, iliyoko Chicago, leo ina anga jeupe tupu, na wataalamu wa jumba hilo wamegundua kwamba lilikuwa anga jekundu la machweo. Mimi nyekundu ya alizarini nimeiacha, natumia za kwinakridoni. Lakini bado nikining'iniza picha ndogo ukumbini mbele ya dirisha la bahari, mwanga nilioulinda kwa kuacha karatasi tupu ndio utakaokuja kuimaliza.

Mafuta yanavumilia zaidi. Kanvasi hulegea wakati wa mvua na kukaza wakati wa kaskazi, ndiyo maana nikiweza hutumia ubao mgumu, jambo ambalo mafundi wa Tingatinga walilijua tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka rangi za baiskeli juu ya mbao za dari pale Dar es Salaam miaka ya 1960.

Hoteli ilitaka mashua. Walisema wazi: ile mashua ndiyo Pangani.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba picha ile ni ya ukingo. Joto la tope lililopasuka, na maji yanayokuja kulirudia. Ndicho kitu nilichorudi nacho kichwani kila nilipoondoka mtoni, na mashua ilikuwa imekaa mbele yake kama mgeni anayezuia mlango. Nikachukua kisu cha paleti nikaikwangua. Ilikuwa sehemu iliyochorwa vizuri kuliko zote. Mlingoti ule ulinichukua asubuhi nzima. Rangi ilikuwa imeshashika juu, ikatoka kwa magamba, na kilichobaki nikakipaka maji ya mto. Mafuta huzidi kuwa angavu kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo huenda baada ya miaka mingi omo likaanza kuonekana chini ya maji. Halinihusu.

Hoteli haikununua. Picha ni bora. Sina njia ya kuyaunganisha mambo hayo mawili, na nimeacha kujaribu.

## Irente

Sasa hivi niko na Irente. Unatoka Lushoto, unafika ukingoni mwa Usambara, na chini yako, mbali kabisa, kuna Mazinde, mkonge, na nyika inayoendelea mpaka macho yanachoka. Nilichora karatasi kadhaa pale juu. Ukungu ulipanda kutoka bondeni katikati ya kazi, anga halikukauka tena, rangi ya kwanza ikaingia kwenye ya pili, na kwenye karatasi mbili nyika haimo kabisa. Nimeziacha zilivyo. Nyuma nimeandika saa na upepo, desturi niliyoichukua kwa Constable, na zimekwenda kwenye vioo vyao.

Kwa kanvasi sikuziweka mbele yangu. Nimezigeuzia ukutani. Badala yake nilikaa siku kadhaa nikijiuliza ni nini hasa ninachokikumbuka nikiwa Tanga, nikashika kimoja: miguu iko kwenye baridi na macho yako kwenye joto. Unavaa sweta na unatazama jangwa. Vitu vyote vitakavyoingia vitapimwa kwa hilo. Mistari ya mkonge, ambayo saa ile ilikuwa imemezwa na vumbi, nimeiingiza, kwa sababu inayavuta macho yashuke. Mti mzuri uliokuwa kushoto nimeuacha nje. Wapita njia wawili wameshaniambia niurudishe.

Giza la kwanza, kahawia na tapentaini nyingi, limeshakauka. Nyeupe iko kwenye tyubu mpaka mwisho. Mkonge naanza Jumatatu.